Ukuta wa Chumba cha Cherehani

Jumanne, 6 Januari

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kuandika nyuzi za joto, si mambo ya watu. Kadi sita, kila moja na joto lake, asubuhi, mchana na jioni. Basi. Lakini ukurasa wa kwanza una nafasi tele, kwa hiyo nieleze kadi zenyewe zimetoka wapi.

Studio yetu ya katuni ilifungwa mwezi uliopita. Tajiri alituita ofisini mmoja mmoja, akasema pesa hana, vifaa anavyo. Kuna waliochukua viti vya kuzunguka, kuna aliyebeba friji. Mimi nikaomba kadi za picha, zile zinazochomekwa ndani ya kompyuta na kuchora. Miaka mitatu zimechora miswaki inayoongea na ng'ombe wanaocheza densi. Sasa nataka zinichimbie sarafu za mtandaoni: mashine inapiga hesabu ngumu bila kupumzika, na mtandao unailipa chembe za sarafu kwa jasho lake. Na jasho inalo kweli, maana mashine hiyo ni jiko lisilopika kitu.

Nimeigongomea fremu ya mbao mwenyewe na kuiweka chumba cha mwisho, kile alichokuwa anashonea Mama enzi za uhai wake. Tunaishi watatu humu ndani: Baba, dada yake ambaye ni shangazi yangu, na mimi. Chumba cha Shangazi kimepakana na hiki, ukuta ni mmoja. Baba alikuwa fundi umeme zaidi ya miaka arobaini na nyumba hii aliivutia nyaya kwa mikono yake, hata kabla Kaka hajazaliwa. Nilidhani atafurahi kuona mtoto wake anacheza na umeme. Alisimama mlangoni, akaangalia fremu, akaangalia soketi, kisha akasema chumba hiki hakifai. Nikamuuliza kwa nini. Hakifai tu.

Jumatano, 7 Januari

Kadi ya kwanza 71. Ya sita 86. Ya sita iko mwisho wa mstari na inavuta hewa iliyokwisha kupumuliwa na wenzake watano.

Ijumaa, 9 Januari

Leo nimezifungua zote. Vumbi la miaka mitatu lilikuwa limeshonana kwenye feni kama blanketi. Ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea ilikuwa imekauka na kupasuka, nikaikwangua kwa kadi ya zamani ya benki na kupaka mpya, tone moja katikati, si zaidi. Halafu nikazibana matumizi: kila kadi iliyokuwa inakula wati mia mbili na ishirini sasa inakula mia na themanini, na kazi haijapungua sana. Zilikuwa zinakula kwa ulafi tu.

Jioni: ya kwanza 66, ya sita 79. Nimeshusha pumzi.

Jumatatu, 12 Januari

Umeme umekatika saa nane mchana. Umerudi saa tisa.

Jumanne, 13 Januari

Umekatika tena saa nane. Saa tisa umerudi.

Alhamisi, 15 Januari

Kwa wiki nzima feni kubwa ya dirishani nimeielekeza nje ili itoe joto, na chumba bado kinafukuta. Shangazi ndiye aliyeligundua kosa, wakati anaanua nguo uani. Alisema upepo wa nyumba hii mchana huwa unaingia kwa dirisha hilo, kwa hiyo feni yangu inapigana nao, na upepo ndio unaoshinda. Nikaigeuza ivute ndani, na hewa moto ikapata mlango wa kutokea. Kadi ya sita: 74. Mimi nina diploma, Shangazi ana kamba ya nguo.

Baba ameniletea ekstensheni ndefu mpya, mita ishirini, na kuniomba nivute umeme kutoka jikoni. Nikamwambia soketi iko hapa hapa, hatua mbili. Akasema ya jikoni ni nzuri zaidi. Soketi ni soketi, nikasema. Aliiacha mlangoni akaenda zake.

Jumatatu, 19 Januari

Umeme: saa nane hadi saa tisa. Wenye shirika la umeme angalau wana nidhamu ya saa.

Alhamisi, 22 Januari

Nimemkuta Baba chumbani kwa Shangazi, amesimama nyuma ya kitanda, kiganja kimelala ukutani. Hakufanya kitu kingine chochote. Aliponiona akasema anaangalia kama kuna unyevu. Unyevu, na jua lote hili la kiangazi!

Ijumaa, 23 Januari

Tena. Asubuhi na saa kumi.

Jumanne, 27 Januari

Leo kumezuka ugomvi wa kitanda. Baba anataka Shangazi akihamishie ukuta wa pili. Shangazi akauliza kuna nini. Baba akasema mbu. Shangazi akasema mbu wana mabawa, watamfuata. Baba akasema basi ni upepo. Shangazi akamwambia amelala pale tangu alipofiwa na mume, mgongo wake umeshazoea, na kama kuna mtu wa kuhama ni huyo anayeingia vyumba vya watu kusalimiana na kuta.

Nilicheka nao wakati huo. Sasa nikiandika sicheki sana. Baba ana miaka sabini na sita, mikono imeanza kumtetemeka, na tangu mwaka jana ameacha kupokea kazi kabisa. Mtu aliyezoea kuitwa huku na huku akikaa tu, akili inaweza kuanza kutafuta kazi yake yenyewe.

Ijumaa, 30 Januari

Joto la nje 36. Kadi ya sita 78. Umeme, saa nane.

Jumatatu, 2 Februari

Mashine imejizima yenyewe mara mbili na kujiwasha, na safari hii si saa nane. Sijui tatizo ni nini. Pawasaplai zote mbili, zile zinazozigawia kadi umeme, nimezikagua, nyaya zake hazina joto. Huenda umeme unaofika hapa ni dhaifu. Baba angeweza kuniambia kwa dakika tano, lakini nikimuuliza ananijibu kwamba chumba hakifai.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nimeona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilimwita fundi umeme wa mtaa wa pili aje kukagua nyaya. Watu wote wanamwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona upara wake. Ni mtu wa makamo, mpole, ana gari dogo lenye ngazi juu. Kabla hajafika mlangoni Baba alikuwa ameshatoka, amesimama getini mikono nyuma.

"Hapa hakuna kazi," Baba alisema.

"Sawa, Mwalimu," Kofia akajibu, akageuza gari.

Nilimfuata barabarani kumwomba radhi. Akasema nisijali, amezoea. Nikamuuliza kwa nini anamwita Baba mwalimu. Akasema ndiye aliyemfundisha kushika koleo, zamani hizo, kabla hajamfukuza kazi. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza, nilikuwa na hasira na Baba na hasira hazina masikio.

Miaka yote hiyo bado ana kinyongo na mtu. Sikujua kwamba Baba yangu yuko hivyo.

Jumapili, 8 Februari

Hatuongei sana. Kadi ya sita 77.

Jumatano, 11 Februari

Saa nane umeme ukakatika. Nilikuwa uani, na nikasikia redio ya jirani inaendelea kuimba. Nikatega sikio. Inaimba vizuri tu, na pampu yake ya maji inanguruma.

Nikazunguka upande wa mbele taratibu. Baba alikuwa kwenye kibaraza, amekaa kwenye kiti chake chini ya sanduku la swichi kuu, saa yake ya mkononi ameiweka gotini. Ametulia kama mtu anayesubiri chai ichemke. Saa tisa kamili akasimama, akafungua sanduku, akairudisha swichi juu.

Mwezi mzima nimekuwa nalisingizia shirika la umeme.

Jumamosi, 14 Februari

Niliongea naye. Nilijipa moyo, nikaanza kwa upole, lakini upole ukaniishia njiani. Nilimwambia mashine hii ndiyo kazi niliyonayo sasa, ikizimwa hovyo inaharibika, na kama haitaki aseme haitaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema saa moja kwa siku si nyingi. Nikamuuliza saa moja ya nini. Akatazama pembeni kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jumatatu akazima tena. Naandika haya leo Jumanne tarehe 17, nilisahau kufunga sentensi ya Jumamosi na sina nguvu ya kuanza ukurasa mwingine.

Jumatano, 18 Februari

Nimempigia Kaka simu. Anaishi mbali, saa sita kwa gari, na ni mtu wa mipango. Nilimweleza yote: kiganja ukutani, ugomvi wa kitanda, swichi, fundi aliyefukuzwa getini. Nilivyokuwa nayapanga moja baada ya jingine ndivyo yalivyozidi kutisha. Kaka akasema ameona haya haya kwa baba mkwe wake, yalianza hivi hivi. Akasema atakuja Jumamosi ya tarehe 7 Machi amchukue, amwone daktari, kisha abaki huko huko kwake. Nyumba ya Kaka iko ghorofa ya nne.

Nilimuuliza kama ni lazima abaki. Akasema mimi mwenyewe ndiye niliyempigia.

Jumamosi, 21 Februari

Baba anazichukua peni zangu zilizokwisha wino na kuunda kitu cha kushikilia nyaya za feni zisigonge kwenye mapanga. Anazipasha moto kidogo, anazikunja, zinakaa sawasawa. Amenikabidhi sita, moja kwa kila kadi, bila maneno. Mtu anayepoteza akili hafanyi hivi. Au anafanya? Sijui. Sijamwambia kuhusu Kaka.

Jumanne, 24 Februari

Umeme, saa nane. Mkono ukutani mara tatu. Joto la nje 37.

Alhamisi, 26 Februari

Shangazi anasema mto wake una joto hata kabla hajaulalia. Nikamwambia nchi nzima ina joto.

Jumapili, 1 Machi

Siku ya joto kuliko zote tangu nianze daftari hili: nje 39, kadi ya sita 83 hata na upepo. Mawingu yamejaa upande mmoja na hayataki kusogea.

Nimenunua kufuli na kulifunga sanduku la swichi kuu. Ufunguo ninao shingoni. Nilijiambia ni kwa ajili ya mashine, halafu nikajiambia ni kwa usalama wa Baba mwenyewe, mzee mwenye mikono inayotetemeka hapaswi kugusa swichi. Ukweli ni kwamba nimechoka kushindana naye. Saa nane nilimsikia akienda kibarazani, nikamsikia akilishika kufuli, likagonga mara moja. Akarudi ndani. Hakuniuliza.

Jumatatu, 2 Machi

Mashine imefanya kazi siku nzima bila kusimama. Baba hajala mchana. Amekaa chumbani kwa Shangazi kwenye kigoda, mgongo ukutani. Shangazi amenijia jikoni na kunong'ona kwamba sasa hata yeye anaogopa, kaka yake hajawahi kukataa chakula.

Jumanne, 3 Machi

Nitaandika yote leo, kwa mpangilio, hata mkono ukichoka.

Saa nane kasoro, Baba alikuja mlangoni pangu. Amevaa shati lake la kazi, lile lenye mifuko minne, ambalo sijaliona mwaka mzima. Uso ulikuwa umemshuka.

"Nipe ufunguo, mama," alisema. Huniita mama akitaka jambo zito, maana nina jina la mama yake.

Nikasema hapana. Akasema nimpe, nusu saa tu. Nikasema hapana tena, na nikayamwaga yote pale pale, vibaya, kama mtu anayemwaga maji machafu bila kuangalia nani anapita. Nikamwambia Kaka anakuja Jumamosi. Nikamwambia daktari. Nikamwambia ghorofa ya nne.

"Tunadhani umeanza kusahau, Baba."

Alikaa juu ya sanduku tupu la kadi. Nilidhani atakasirika.

"Sijasahau," alisema. "Ningekuwa nimesahau, ningelala."

Kisha akanieleza. Ndani ya ukuta huu, kimo cha kiuno, nyuma ya kitanda cha Shangazi, kuna jointi. Jointi ni pale nyaya mbili zinapofungwa pamoja, na tangu nikiwa mdogo nimemsikia Baba akiwahubiria wanafunzi wake kwamba jointi inakaa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mahali pa kufunguliwa na kuonekana. Haifukiwi ukutani, hata siku moja. Jointi iliyofukiwa ikilegea hakuna atakayejua mpaka aone moshi.

Hii aliifukia mwenyewe. Mama alikuwa na mimba ya Kaka, karibu kujifungua, na mwenye nyumba ya kupanga alitaka chumba chake mwisho wa wiki. Mwashi alikuwa anakuja mchana ule ule kupiga lipu. Waya ukapungua urefu wa mkono mmoja, na duka limefungwa. Baba akakata kipande cha waya mwingine, akavisokota kwa koleo, akavizungushia utepe, akasukumia kwenye mfereji. Akajiambia atarudi kuitengeneza. Jioni mwashi akapiga lipu.

"Mwezi ule ule," Baba akasema, "nikamkuta mmoja wa wanafunzi wangu amefukia jointi kwenye nyumba ya mteja. Nilimfukuza mbele ya wenzake wote. Nikamwambia hatakuwa fundi maisha yake. Na lipu ya kwangu ilikuwa haijakauka."

Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Miaka yote hiyo chumba hiki hakikubeba kitu zaidi ya taa na cherehani, na jointi ikalala usingizi wake. Alipoziona kadi zangu sita siku ile ya kwanza akajua imeamka. Alijaribu kila mlango: chumba hakifai, ekstensheni ya jikoni, kitanda kihame. Kila kitu isipokuwa kusema. Akawa anapima ukuta kwa kiganja, na saa nane, jua likiwa kali kuliko wakati wote, anaupumzisha saa nzima. Alisema kila asubuhi aliamka akiwa ameazimia kuniambia, na nilipomwita Kofia aibu ikamkaba upya.

Nilikuwa nimeshainuka kukimbilia swichi. Akanishika mkono, akasema nipime kwanza, ili nijue kwa macho yangu na si kwa maneno ya mzee. Akatoa mita yake ya kupimia umeme kwenye mfuko wa shati. Jikoni: volti 229. Chumba cha cherehani, mashine ikiwa inafanya kazi: 221.

Baba hakuhitaji karatasi. Volti nane zinapotelea njiani, mashine inavuta ampea tano, basi wati arobaini zinaishia ukutani. Ni taa ya wati arobaini imewashwa ndani ya lipu usiku na mchana, sentimita chache kutoka kichwa cha Shangazi.

Nikaenda kuugusa ukuta. Ulikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa, na kulikuwa na harufu, ndogo, ya kitu kilichobabuka. Shangazi alikuwa ameizoea, alidhani ni ya kadi zangu. Nilitoka mbio, nikafungua kufuli, nikashusha swichi. Nyumba ikanyamaza.

Siku mbili. Siku mbili nilimfungia mlango wa kutuokoa, na ufunguo nimeuvaa kama kidani.

Nilimpigia magoti pale kibarazani na nikalia, tena si haba. Akanipangusa na ule mkono unaotetemeka, akasema kosa la kufunga ni langu lakini kosa la kufukia ni lake, na lake lina umri mkubwa kuliko mimi. Halafu akala. Alikula sahani mbili. Shangazi, baada ya kuelezwa, alisema mambo ambayo sitayaandika humu, kisha akasukuma kitanda chake mwenyewe mpaka ukuta wa pili, peke yake, kwa mkono mmoja.

Jumatano, 4 Machi

Asubuhi Baba alisema nimwite Kofia. Nikamwambia mafundi ni wengi, anaweza kuchagua mwingine. Akasema huyo huyo.

Alimpokea getini, pale pale alipomfukuzia mwezi uliopita. Wakaingia mpaka chumbani kwa Shangazi. Baba alichukua nyundo na patasi akataka kuanza mwenyewe. Mkono ukacheza, patasi ikateleza. Akampa Kofia. Mapigo kumi na mbili, nilihesabu kwa sababu nilikuwa na roho juu juu, na lipu ikaanguka.

Utepe ulikuwa umegeuka makombo. Nyaya zimevuliwa ngozi na joto, urefu wa kiganja, kahawia kisha nyeusi. Na kulikuwa na kipande cha ubao ambacho yule mwashi alikipachika kushikilia waya: upande mmoja ubao, upande wa pili mkaa. Shangazi alikaa kwenye kitanda chake kipya mahali pake papya na kukishika kwa mikono miwili.

"Nilikufukuza kwa kosa lililokuwa nyumbani kwangu," Baba akamwambia Kofia. "Na nikakuzuia getini ili usilione. Nimekukosea mara mbili."

Kofia alivua kofia. Kweli ana upara. Akainama, akaimulika jointi kwa tochi, akaizungusha kwa ncha ya koleo, akaichunguza kwa muda mrefu kama daktari.

"Mwalimu," alisema, "yangu ilikuwa imekazwa vizuri kuliko hii."

Baba alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya vifusi, akajishika mbavu, na Kofia akakaa pembeni yake, na wote wawili wakawa weupe kwa vumbi la lipu. Sijamsikia Baba akicheka hivyo tangu Mama alipoondoka.

Jioni nimempigia Kaka na kumweleza kila kitu. Akasema ni hadithi nzuri, lakini namtetea Baba kwa sababu naona huruma. Jumamosi iko pale pale.

Alhamisi, 5 Machi

Kazi kutwa nzima. Waya mpya, mnene, umetoka kwenye sanduku moja kwa moja hadi chumba cha cherehani, kipande kimoja bila jointi hata moja, na una swichi yake inayojikata yenyewe waya ukizidiwa. Baba alikaa kwenye kigoda akiamuru, Kofia juu ya ngazi akibisha. Waligombana kuhusu msumari kwa nusu saa na nikawaona wamefurahi. Naambiwa Jumatatu Baba anaenda kwenye karakana ya Kofia kuwaonyesha wanaojifunza kazi ile jointi iliyoungua, na kuwaambia ni ya nani.

Saa kumi nikawasha mashine. Jikoni 229. Chumbani 228. Saa kumi na moja ikanyesha, mvua ya kwanza, ya kishindo. Kadi ya sita 64.

Nimelala saa nzima mvua ikinyesha, kitu ambacho sijafanya tangu Januari.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. 62. Roho juu juu tena, kwa sababu ya kesho.

Jumamosi, 7 Machi

Kaka amefika saa nne asubuhi. Alikuwa ameukunja mgongo wa kiti cha nyuma ili masanduku ya Baba yaenee. Alisalimia kwa sauti ile ya kubembeleza wagonjwa, akamuuliza Baba leo ni tarehe ngapi. Baba akamwambia, na akaongeza kwamba bima ya gari lake imekwisha tangu jana, karatasi inaonekana kioo cha mbele. Shangazi alikohoa ili asicheke.

Kisha Baba akamshika mkono mwanawe, akampeleka chumbani kwa Shangazi, ukuta bado una shimo, akamweka mbele yake ubao ulioungua. Nilibaki mlangoni. Alimweleza kama alivyonieleza mimi, hakujipunguzia kitu. Alipofika kwenye mimba ya Mama na mwenye nyumba aliyetaka chumba chake, Kaka alikigeuza kile kipande cha ubao, akakigeuza tena. Akauliza kwa nini hakutuambia.

"Nilikuwa fundi wenu," Baba akasema. "Mlilala bila wasiwasi kwa sababu yangu."

Kaka alitoka nje akasimama uani kwenye manyunyu, na aliporudi ile sauti ya wagonjwa ilikuwa imemtoka. Alisema tu kwamba nafasi kwake ipo, siku yoyote Baba akitaka. Baba akamshukuru, akasema siku hiyo si leo, Jumatatu ana kazi. Tukala pamoja. Kaka akaniomba nimwonyeshe mashine, akauliza mambo ya maana kuhusu feni, na tulipokuwa wawili akaniambia tulikosea wote. Nikamwambia mimi zaidi. Hakubisha, na nilimpenda kwa hilo.

Ameondoka saa nane mchana, taa za nyumba zinawaka zote. Nilisimama getini na Baba tukimpungia. Nilikuwa nimejiandaa zaidi ya wiki mbili kuliona gari lile likiondoka na Baba ndani, mpaka nikawa naota. Limekata kona na kiti chake cha nyuma kimekunjwa vile vile, na sijawahi kufurahi hivi kuona gari likienda tupu.